Mboga Iliyofungwa Kitambaa

Katika kundi letu la kukusanya mimea mimi ndiye mwandishi wa lebo. Kazi hiyo sikuiomba. Siku ya kwanza tulipokutana, mtaalamu wa mimea, binti wa rika la mwanangu aliyetumwa huku na chuo, alitupitishia daftari kila mmoja aandike jina na shughuli zake. Lilipomrudia akautazama mstari wangu kwa muda, akauliza nilijifunzia wapi mwandiko ule. Nikamwambia stesheni. Nilikuwa karani wa mizigo wa reli mpaka nilipostaafu, na mzigo ulioandikwa ovyo unaweza kushushwa Makambako wakati mwenyewe anausubiri Ifakara. Tangu siku hiyo wenzangu wanabeba mapanga na mikasi, mimi nabeba kalamu na kadi.

Nakiri kwamba nina kero. Mtu akiniletea tawi akasema amelitoa "kule juu," namrudishia tawi lake. Juu wapi? Upande gani wa kijito? Lilikuwa kivulini au juani? Shina likikatwa linatoa utomvu au halitoi? Wenzangu wa kujitolea, watu saba hivi, wamenizoea. Mmoja wao ni mfanyabiashara wa mjini, babu zake walitoka pwani, ana duka la misumari na rangi, na ndiye anayetuletea magazeti ya zamani na maboksi ya kukaushia mimea. Yeye hunitania kila safari. "Bwana Stesheni," ataniambia, "hili jani linashuka wapi?" Halafu anacheka mwenyewe mpaka pumzi inamwishia, maana milima haimpendi.

Hawakujua kwamba nilijiunga nao kwa ajili ya mboga moja tu.

Binti yangu anaishi Dodoma. Alipojifungua mtoto wake wa pili alinipigia simu Jumapili moja, na baada ya habari za mtoto akaniuliza, "Baba, ile mboga ya mama inaitwaje? Ile chungu, ya karanga. Nataka nikaulizie sokoni." Nikafungua mdomo kumjibu nikakuta sina jibu. Mke wangu alikuwa Mpogoro wa milimani, upande wa Mahenge, na kila alipokwenda kwao alirudi na fungu la majani lililofungwa kwenye jani la mgomba, limesinyaa kwa safari. Alilipika jioni ile ile kwa karanga za kutwanga. Aliita mboga ya kwetu, basi. Nimeila miaka yote ya ndoa yetu. Mimi, niliyekuwa sipokei hata gunia la dagaa bila kuuliza limetoka wapi na linaitwa la nani, sikuwahi kumuuliza mke wangu jina la kitu alichoniwekea mezani.

"Nitakuulizia," nikamwambia binti yangu.

"Utamuuliza nani?"

Hakuwa na nia mbaya, lakini nilikasirika. Nikasema mtandao unasumbua nikakata.

Kwa kweli mtu wa kumuuliza alikuwepo. Mdogo wake mke wangu anaishi kijiji kile kile walikozaliwa, chini ya msitu, na mke wangu tulimzika huko huko pembeni ya wazazi wake, kama alivyotaka. Baada ya mazishi nilishuka na sikupanda tena. Arobaini ilipofika wakaniletea taarifa, nikajibu kwamba nina homa. Sikuwa na homa. Niliogopa kuliona lile kaburi limeanza kuota majani, maana hapo ndipo ningeamini. Mwaka ukaisha, na ibada ya mwaka nayo ikanipita, kwa sababu sasa nilikuwa na aibu ya arobaini. Aibu ukiilaza siku moja, inaamka na mwenzake.

Kwa hiyo nilipolisikia tangazo kanisani, kwamba wanatakiwa watu wa kujitolea kukusanya mimea ya msitu wa kijiji upande ule ule wa milima, niliona njia ya kupanda huko bila kupiga hodi kwa mtu yeyote.

Tunaondoka alfajiri kwa pikapu. Kivukoni siku hizi ni daraja, unavuka Kilombero kwa muda wa kusema Salamu Maria moja, na chini unawaona wavuvi kwenye mitumbwi yao kama hawakuhusu. Zamani tulivuka kwa pantoni, na mke wangu alinishika mkono wa shati mpaka ng'ambo. Alidai ni kwa usalama wangu, kwa kuwa mimi ndiye nisiyejua kuogelea. Kila nikivuka daraja lile naona limetengenezwa kwa haraka mno, ingawa najua ni upuuzi kulilaumu daraja.

Barabara ya kupanda msituni inapita mbele ya nyumba ya shemeji yangu. Ni nyumba ya tofali za kuchoma, bati lake lina kutu upande mmoja, na migomba iko nyuma. Kila tulipoikaribia niliinama kufunga kamba za viatu na sikuinuka mpaka kona ya pili. Mfanyabiashara wetu aliliona hilo. "Bwana Stesheni, mbona viatu vyako vinafunguka hapa hapa kila safari?" Nikamwambia atunze misumari yake.

Mimea tunayokusanya inakaushwa nyumbani kwangu Mlabani, hapa Ifakara. Mtaalamu alipotafuta mahali pa kuiweka, alizunguka kwa watu wote, na alipofika kwangu akasema kwa adabu, "Baba, hapa kwako pana nafasi." Nafasi ipo. Chumba cha binti yangu kimejaa mbao za kukandamizia, na katikati ya mbao kuna maboksi, magazeti, na kila gazeti lina jani lake au ua lake limelala. Mikanda lazima ikazwe. Magazeti lazima yabadilishwe kila siku mpaka mmea ukauke, la sivyo unaota ukungu. Kila baada ya chakula cha mchana ninaingia mle kubadilisha, na nasoma habari za watu waliokuwa wakigombana miaka mitatu iliyopita, wakati mke wangu yu hai jikoni. Siku moja nilijigundua nazisoma lebo kwa sauti, moja baada ya nyingine, kama nilivyokuwa nikiita mizigo jukwaani. Hakuna aliyejibu kwamba huo ni wake. Nikawasha redio.

Mboga yenyewe niliipata safari ya tatu. Ilikuwa kwenye uwazi ulioachwa na mti ulioanguka, hatua chache kutoka kwenye kijito, na wala sikuitambua kwa macho. Mezani nilikuwa nimeizoea ikiwa imeiva. Nilikuwa nasagasaga majani kidoleni nikiyanusa, moja baada ya jingine, kama mtu asiye na kazi, mpaka jani moja likanirudishia kiganja cha mke wangu baada ya kuchambua mboga. Nikakaa chini pale pale kwenye unyevu. Wenzangu walidhani ni goti.

Nikaandika kadi. Shina la pembe nne, lina wekundu. Majani mawili mawili yanatazamana, chini yana vinyweleo. Harufu kali. Kadi haina nafasi ya kuandika zaidi ya hapo.

Tuna kiongozi wa njia, mjumbe wa kamati ya msitu pale kijijini, mtu aliyehamia kutoka Malinyi kwa ajili ya kilimo. Nilimuuliza jina la mmea ule kana kwamba nauliza habari za mvua.

"Hiyo ni mboga," alisema. "Wanachuma akina mama. Jina kamuulize mama yeyote hapo chini."

Mama yeyote hapo chini angeniuliza mimi ni nani, na jibu lingefika kwa shemeji yangu kabla ya jua kuzama. Nikasema haina haja, wataalamu watatuambia.

Wataalamu hawakutuambia. Tawi langu lilikauka vizuri kuliko yote, likapelekwa mjini kwenye ghala la mimea mikavu ili lilinganishwe na mengine, na baada ya miezi likarudi na karatasi fupi kwamba halikuweza kutambuliwa. Mtaalamu alikuja kunieleza nyumbani. Mmea ule una ndugu wengi, alisema, na majani yao yanafanana mno. Anayewatofautisha ni ua. "Bila ua, baba, hata mimi nitakuwa nabahatisha."

Mimi ndiye niliyewafukuza watu na matawi yao kwa sababu ya kubahatisha.

Tatizo ni kwamba ua lenyewe hakuna aliyekuwa ameliona. Safari iliyofuata nilikagua kila shina la mboga ile kando ya kijito, na kila shina lilikuwa limechumwa ncha. Kiongozi wa njia akanieleza kwamba akina mama huiwahi ikiwa laini, ikianza tu kutoa maua inakomaa, uchungu unazidi. Mtaalamu akafikiri, akasema basi tuchague shina moja, tuliwekee alama, tuliache lipumzike mpaka lichanue. Kwa mahesabu yake, tukirudi baada ya wiki sita tutalikuta na ua.

Alama tulikuwa nayo, utepe mwekundu wa plastiki, mzima mzima. Mimi nilitaka kitambaa. Hapa inabidi niseme jambo nisilojivunia. Siku nguo za mke wangu zilipogawanywa kwa dada zake, kama inavyostahili, nilificha kitenge kimoja chini ya godoro, cha bluu chenye kanga wa njano, wale ndege. Walikitafuta kweli kweli. Mimi nikakaa kimya kama sijui kinachotafutwa. Kutoka kwenye kitenge hicho nilikata ukanda mwembamba, nikaufunga kwenye shina, na juu yake nikaning'iniza kadi ndani ya mfuko wa nailoni. Namba ya mmea, mahali, na chini kwa herufi kubwa: ISIKATWE. INASUBIRI UA.

Wiki zile sita nilizihesabu kama mtoto anavyoihesabu Krismasi. Niliandaa kadi mpya, kila kitu kimejazwa ila mstari wa jina. Nilifanya mazoezi jinsi nitakavyompigia binti yangu. Nisingeanza na jina. Ningemuuliza kwanza mtoto hajambo, kisha ningelitaja polepole, herufi moja moja, naye angeliandika. Angalau kitu kimoja cha mama yake kingepita mikononi mwangu kikamfikia kikiwa na anwani kamili. Nilikuwa sina kingine cha kumpa, na hilo nilijua.

Safari ilikuwa Jumamosi. Alhamisi mchana nikiwa nabadilisha magazeti nikasikia hodi ya sauti niliyoijua. Nikasimama mle chumbani na gazeti mkononi, na kwa sekunde kadhaa, Mungu anisamehe, nilifikiri nyuma kuna mlango. Hakuna. Nikaenda kufungua.

"Shikamoo, shemeji," alisema mdogo wake mke wangu.

"Marahaba. Karibu. Karibu ndani."

"Umekonda."

Alikuwa amevaa nguo za kanisani, ana vumbi la barabara mpaka kwenye kope, na mkononi ameshika hotipoti mbili zilizofungwa kwenye khanga. Alikaa. Aliitazama sebule, akatazama kupitia mlango ule chumba chenye mbao na maboksi, hakuuliza. Tuliulizana habari za watoto na wajukuu kwa urefu unaostahili. Kisha akafungua khanga, akafungua hotipoti ya kwanza, ulikuwa wali. Akafungua ya pili.

Nilijua kabla sijatazama.

"Hii umeitoa wapi?" nilimuuliza.

"Kwako. Kule kijitoni ulikofunga."

Nilisimama. Sauti iliyotoka kwangu ilikuwa ile ya jukwaani, ya kugombeza wapagazi. Nilimuuliza nani alimwambia aikate. Nilimuuliza kama hakuona niliandika, kwa herufi kubwa, kwa wino usiofutika. Nilimwambia wiki sita, mtaalamu, ghala la mjini, nadhani nilisema hata magazeti. Yeye aliniacha niseme mpaka nikaisha. Halafu akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa kile kitambaa pamoja na kadi yangu, akaviweka mezani, akavinyoosha.

"Nimesoma," alisema. "Isikatwe. Nikajua hiyo ni ya kuwaambia watu baki."

Nikaivuta kadi upande wangu.

"Shemeji, kwetu mtu akikuta mboga msituni haijafika kuchumwa, anafunga kitu. Jani, kamba, chochote, ijulikane ina mwenyewe. Hakuna anayeigusa. Sasa mwenyewe asipotokea, ndugu yake anamchumia, anampelekea. Haiachwi ikatoa ua. Ikitoa ua watu wanapita wanasema, huyu aliyefunga hana mtu." Akasukuma hotipoti kidogo upande wangu. "Juzi nimekwenda kuni, naona vifundo vya maua vimeanza. Nikasema hapana, shemeji yangu ana mtu."

Nikakaa. Nilikuwa bado na hasira, lakini ilikuwa haina tena mahali pa kwenda.

"Na hiki kitambaa," aliendelea, na sasa nikaona anakizuia kicheko, "ndicho kile kitenge tulichokitafuta siku tatu. Dada mkubwa mpaka leo anadhani nilikichukua mimi."

"Mwambie nilikichukua mimi."

"Utamwambia mwenyewe."

Nikamuuliza, kwa kuwa sasa hapakuwa na la kuficha, "Inaitwaje?"

"Nini?"

"Hii. Jina lake."

Alifikiri kweli kweli, akaangalia ndani ya hotipoti kana kwamba huenda jina lilianguka humo. "Tunaita mboga tu," alisema. "Zile nyingine ndiyo zina majina."

Nilimwomba alale, chumba kingeweza kupangwa upya. Alikataa, gari la mwisho la kupanda lilikuwa linaondoka saa tisa na nyumbani aliacha mgonjwa. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Pale, akiwa na mguu mmoja tayari kwenye ngazi ya gari, alisema bila kunitazama, "Tunakuona ukipita na lile pikapu. Unajifunga viatu." Na kisha, "Kaburi tunalipalilia sisi kila mwaka. Mwaka huu tumekuachia."

Nilirudi nyumbani nikala peke yangu. Kwa mazoea nilikuwa nimetoa sahani mbili, moja nikairudisha kabatini. Mboga ilikuwa chungu mwanzoni, halafu karanga zikaja, halafu ule uchachu mdogo unaobaki pembeni mwa ulimi ambao nilikuwa nimeusahau kabisa kwamba upo. Nililia, sioni sababu ya kuandika vinginevyo. Nililia nikitafuna, jambo ambalo si rahisi kwa mtu wa umri wangu.

Nikampigia binti yangu.

"Umepata jina?" aliuliza.

"Sijapata. Lakini nimeila leo. Mama yako mdogo kaniletea."

"Ikoje?"

Nikamwambia ukweli, kwamba karanga zimezidi na chumvi haijatosha, si kama ya mama yake. Akacheka, kisha nikasikia anavuta kamasi. Akaniuliza mama mdogo hajambo, na lini nimekwenda kwao mara ya mwisho. Nikasema nitakwenda. Sikusema mtandao unasumbua.

Tulipoagana nikaona kitu kimebaki ukingoni mwa sahani, nilikuwa nimekitenga bila kufikiri. Kifundo cha ua, kidogo kuliko punje ya mpunga, bado kimefumba. Kimepikwa, lakini kizima. Mtaalamu ana wembe mwembamba na kioo cha kukuzia, nimewahi kumwona akikifungua kifundo kama kile na kuhesabu vilivyomo ndani. Magazeti makavu yalikuwa chumba cha pili. Kadi ilikuwa imeshaandikwa, ila mstari mmoja.

Nikakichukua kwa vidole nikakila. Kilikuwa kichungu kuliko majani yote.

Jumamosi kalamu na kadi nilimkabidhi mfanyabiashara wetu, nikamwonya asiniandikie "kule juu." Nilimwomba dereva anishushe mbele ya ile nyumba yenye bati la kutu. Gari likapanda bila mimi, nikalisikia mpaka likaishia konani. Nilikuwa nimesimama barabarani na jembe langu begani, viatu vimefungwa vizuri, na ilinichukua muda mrefu kusema hodi.